Aliyenitembeza Kando ya Mto

Mji aliokuwa akiishi dada yangu ni mzuri, na uzuri wake ulinikera. Ni mji wa kale wa Uskoti, umekaa kando ya mto mpana wenye maji meusi, nyumba zote za mawe, na watalii wanapiga picha hata milango ya watu. Shemeji, mumewe, alinitembeza tangu asubuhi. Hili kanisa, lile daraja, pale ndipo zilipokuwa zikitia nanga jahazi za pamba na chumvi. Mgeni hutembezwa, ndiyo ada. Lakini mimi sikutoka Houston kwenda kutembezwa. Nilitaka kumwosha dada yangu, na nilipofika alikuwa ameshazikwa.

Tulizaliwa wawili tu. Mama yetu tulimwosha wenyewe kule Mombasa, dada akimimina maji, mimi nikipitisha kitambaa, na siku hiyo tukaahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Kazi yangu Marekani ni kuwaogesha wazee. Kila asubuhi natoka mtaani kwetu Gulfton hadi kitongoji cha Missouri City kumwogesha bibi wa watu ambaye kila akiamka hanikumbuki. Nikajiambia mikono hii itamfaa na mtu wangu pia.

Shemeji alipopiga simu kuniambia dada amefariki, viza niliyoomba ili nije kumuuguza ilikuwa haijatoka. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, tukusubiri au tumsitiri?"

Binti yangu alikuwa kando, simu iko spika. "Mama, just tell them to wait," akasema.

Kwake ni rahisi, amekulia Texas. Kwetu sisi swali lile lina jibu moja tu. Maiti hacheleweshwi, na anayetaka asubiriwe huonekana anajipenda kuliko marehemu. Nilitaka kusema nisubirini. Wallahi nilitaka. Nikasema, "Msitirini, shemeji, msiningoje." Kisha nikajifungia bafuni nikafungulia maji, nikalia.

Viza ilipotoka nilikwenda vivyo hivyo, maana kukaa nyumbani nilishindwa. Njia nzima nilikuwa nampangia shemeji maneno.

Tulipofika katikati ya daraja alikuwa akinieleza jinsi mafuriko yalivyolibomoa zamani na watu wakalijenga upya. Nikamkatiza.

"Nani alimwosha?"

"Wanawake wa msikitini, walitoka mji mwingine. Imamu ndiye aliyewatafuta. Mimi siwajui."

"Na haraka ile yote ilikuwa ya nini?"

Niliona ndevu zake zimeingia mvi ambazo sikuwahi kuziona kwenye picha.

"Haraka haikuwepo, shemeji. Hospitali walinambia there's no rush, huku maiti hukaa hata wiki mbili. Nilipokuuliza nilikuwa naomba Mungu useme tusubiri. Nilitaka uje. Mimi mwenyewe sikuwa tayari kumtoa. Uliposema msiningoje, ningekujibu nini?"

Watalii walitupita, mmoja akatuomba tumpige picha, na shemeji, masikini, akampiga. Nilishikilia ukuta wa daraja. Dada yangu aliguswa mara ya mwisho na watu asiowajua, na hakuna aliyetukataza kungojana. Ni adabu zetu tu, zangu na za mumewe.