Jina la Nyoka

Juzi, katika ofisi ya kuandikisha watoto hapa Likasi, mama mmoja mzee alimshusha mjukuu wake mgongoni na kutaja jina lake: Nyoka.

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, jina hii iko ya shetani. Miye sitaandika ile. Tuandike Samuel."

"Ni jina ya nkambo yake, marehemu bwana yangu. Alitumika ku reli mpaka nguvu ikaisha."

"Shetani haiandikwe hapa."

Mama alimfunga mtoto upya mgongoni, akaondoka bila karatasi. Nani amempa karani ruhusa ya kumzika mzee yule mara ya pili?

Zamu yangu ilipofika, nikasoma kibao kilichokuwa mezani pake. Karani anaitwa Ngandu, yaani mamba. Ningependa kujua mamba aliokoka lini.