Mjomba wa Kifilipino

Kwa miaka mingi nimekuwa sauti ya mwanamume ambaye sijawahi kumwona na ambaye hajui kama nimezaliwa. Ni mwigizaji wa Kifilipino. Kila tamthilia yake iliyofika Masasi na Newala imepita kinywani mwangu. Akilia, nalia mimi. Akimbembeleza binti wa tajiri, nambembeleza mimi, nimeketi chumba cha nyuma cha duka moja pale Masasi, dirisha limezibwa kwa blanketi kuzuia kelele za bodaboda, maiki imeviringishwa kipande cha kanga ili pumzi isivume. Kifilipino sijui hata neno la kuombea maji. Nasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha, nakitoa Kiswahili, na picha ikinikimbia natia chumvi yangu mwenyewe. Watu wanaipenda chumvi.

Mimi sijui kukaa. Huo ni ugonjwa wangu tangu utoto. Nilikozaliwa, Newala, upepo wa uwandani haulali, na mimi niliurithi. Nikiwa Newala nataka Masasi, nikiwa Masasi nataka Dar es Salaam, na nikilala naota niko stendi. Labda ndiyo maana nilimpenda yule bwana. Na yeye hakutulia. Nilikuwa nafuatilia habari zake kwenye simu kama watu wanavyofuatilia bei ya korosho. Alianza kwa kucheza dansi kwenye mashindano ya mtaani, akapewa nafasi ya kupigwa kibao katika filamu moja, kibao tu, halafu atoke. Alipigwa vizuri mno hata wakamwita tena. Baadaye akawa kijana wa mapenzi, yule maskini mwenye shati moja anayependwa na binti wa jumba la ghorofa. Akazaa na mwigizaji mwenzake, wakaachana, akagombea umeya wa mji wao, akaanguka, akarudi kuigiza. Kila alipokorofisha huko kwao, mimi nilipata shida huku. Wiki aliyoachana na mama wa mtoto wake, mwanamke mmoja pale sokoni Newala aligoma kuniuzia mihogo. "Nenda kamwombe msamaha mwenzio kwanza," akaniambia. Nilimjibu kwamba mimi sina mtoto wala mke. Akasema sauti ni ileile.

Basi ikafika ile tamthilia ndefu iliyoniletea balaa. Ndani yake yeye ni fundi wa pikipiki, kapenda binti wa tajiri. Mama wa binti alishakufa, picha yake kubwa imetundikwa sebuleni. Tajiri ni baba wa binti, mtu mkali, hataki hata kuiona sura ya fundi. Sehemu ya kwanza tu, baba huyo anasimama mbele ya ile picha na kusema hatamtoa mwanawe kwa mtu mwenye mikono ya grisi.

Hapo nilisimamisha mashine nikafikiri. Mimi ni Mmakonde. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba utamsalimu, utamheshimu, utamletea zawadi, lakini neno la kumtoa binti liko kwa kaka wa mama yake. Baba anayemkatalia mchumba peke yake, mjomba hayupo, ni kichekesho. Nani Newala angemwogopa? Watu wangekaa kwenye kibanda cha video wakisubiri mjomba aingie, na mjomba asingeingia hadi mwisho. Kwa hiyo nikamfanya yule tajiri kuwa mjomba. Akawa amemlea binti wa marehemu dada yake. Picha ya ukutani ikawa ya dada. Nikamtia na maneno: "Dada yangu, wewe uko chini ya udongo, lakini damu yako sitaitupa jalalani."

Ilipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Mama mwenye duka, mtani wangu, Mmakua wa Chiungutwa mwenye ulimi kama wembe, alifurahi hadi akasahau kunitukana. Flashi zilitoka Masasi zikapanda Newala, zikafika Mkunya, na kila kibanda cha video kilijaa wazee ambao kwa kawaida hawaingii vibandani. Walikuja kumwangalia mjomba mwenzao.

Mmoja wao alikuwa mjomba wa binti niliyemtaka mimi.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mkunya. Tulijuana msibani, tukapendana bila mbwembwe, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikahisi naweza kukaa mahali. Nilimtuma mshenga wangu, mzee wa heshima, apeleke posa. Akarudi anacheka hadi kofia ikamwanguka.

"Mjomba hajakataa," aliniambia. "Hajakubali pia. Anasema tungoje, aone yule mjomba wa Kifilipino atafanyaje."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Mzee yule alikuwa upande wa tajiri moja kwa moja. Kila sehemu mpya ilipofika alitoka kibandani akisifu: mjomba amesema kweli, fundi wa pikipiki hana kwao, leo yuko hapa kesho kule. Na wote pale Mkunya walijua fundi anasema kwa sauti ya nani. Mchumba wangu alinipigia simu amekasirika. "Watu posa zao ziko kwa wazee," akasema, "yangu iko kwenye flashi. Malizia hiyo kitu!"

Ningeimaliziaje? Sehemu zilikuja kwa kudondoka. Mara mtandao umekatika, mara aliyekuwa akituletea kutoka Dar hapokei simu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kwelikweli. Nilikuwa napanda pikipiki Masasi kwenda Newala bila shughuli, nageuza, narudi. Nilianza kuingoja ile tamthilia kwa hofu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kituo kimoja cha televisheni Dar kilikuwa kimenitafuta niende kusemea huko, kazi ya kudumu, na mimi nilitaka kwenda, nikiwa na mke wangu mkononi. Bila jibu la mzee nisingeweza kwenda wala kubaki.

Hatimaye sehemu za mwisho zikaja zote kwa pamoja. Nilizitazama kwanza bila kurekodi. Katikati nikasimama nikaanza kuzunguka chumba.

Walikuwa wameturudisha nyuma, miaka ya ujana. Kanisa, maua, kengele. Yule tajiri, kijana sasa, amevaa suti nyeupe. Kando yake bibi harusi anafunua shela, na uso ni uleule wa picha ya sebuleni. Mjomba wangu alikuwa anamwoa dada yake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imeishia kanisani, mbele ya padri. Mama mwenye duka aliingia, akatazama, akashika kiuno. "Haya, Mmakonde," akasema, "wazike hao na uchafu wao." Kisha akashauri tukate kile kipande. Nikamwambia kikikatwa, mwisho hauna maana, kwa sababu tajiri anamkubali fundi baada ya kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alipooa alikuwa fukara. Akasema basi niseme ni ndoto. Nilikasirika. Miaka yote ile niliwatilia watu chumvi, sikuwahi kuwalisha mchanga.

Nikawasha maiki. Harusi ilipofika, nikaacha kusema kwa sauti ya mtu yeyote. Nikasema: "Ndugu watazamaji, nisikilizeni. Huyu si mjomba. Ni baba mzazi wa binti. Kule kwao mjomba hana neno. Mimi ndiye niliyemfanya mjomba, ili mmwelewe." Halafu nikaendelea na harusi.

Wanasema kibanda cha Mkunya siku ile kilipasuka. Wengine walicheka, wengine walidai kiingilio chao. Mzee mmoja alisimama mbele ya skrini, akavaa kofia yake, akatoka bila kumtazama mtu. Sikuhitaji kuuliza ni yupi. Asubuhi yake mchumba wangu akanitumia ujumbe wa maneno mawili: unaitwa, njoo.

Nilimkuta mzee shambani, chini ya mikorosho yake, anafungua mashine ya kupulizia salfa. Mikono yake ilikuwa ya njano hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakunikaribisha kukaa. Aliendelea na skrubu zake. "Kwa hiyo kule kwao mjomba ni mtu gani? Mgeni wa sikukuu?"

"Ni ndugu tu, mjomba. Anapendwa, lakini hana neno."

"Na baba akitoroka? Akifa? Mtoto anakwenda kwa nani?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule bwana mwenyewe, si fundi wa kwenye picha. Nilimweleza mzee jambo nililokuwa nimelisikia kwenye mahojiano yake. Baba yake aliwaacha akiwa mdogo. Aliyemlea ni kaka wa mama yake, makanika wa magari ya abiria, na ndiye aliyempeleka kwenye yale mashindano ya dansi, akamshonea na suruali ya kuchezea kwa mkono wake. Nilisema yote hayo kwa pupa, nikiona kama nimepata mlango.

Mzee aliacha mashine. "Kumbe wajomba wanao," akasema. Alifurahi, niliona. Alikaa juu ya gogo, akanionyesha nami nikae. "Huyo mjomba wake yu hai?"

"Alishafariki."

"Na yeye alikwenda kumzika?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wenye harusi. "Hakwenda, mjomba. Alikuwa kazini, anaigiza. Alisema walimzuia, zimebaki siku chache filamu iishe. Kwenye mahojiano alilia."

Mzee alichambua salfa kwenye kucha. Halafu akasema polepole: "Nimesikia unataka kumpeleka mtoto wangu Dar. Sikatai Dar. Watu wanaishi Dar. Mimi nauliza kitu kimoja. Siku nikifa, utakuja kushika jembe, au utakuwa kazini?"

"Nitakuja, mjomba," nikasema. "Hata niwe wapi, hata mvua inyeshe namna gani, nitakuja."

Akainua mkono. "Huyo ni Mfilipino wako ananijibu. Nimemsikiliza miezi mingi, namjua. Nijibu wewe."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto, maana alisema kweli. Ilikuwa ile sauti nzito ya chini ninayoitumia akiapa mbele ya wanawake. Nilikohoa, nikajaribu tena, ikatoka ileile. Nilijaribu kwa sauti ya juu, nikasikika kama mtu anayeuza dawa ya panya. Mwishowe nikaacha Kiswahili. Nikamjibu kwa Chimakonde, lugha ambayo yule bwana hajawahi kuisema hata siku moja kwa kinywa changu, maneno machache, mabaya mabaya, kama mtoto anavyomjibu mtu mzima nyumbani kwao. Nilisikia woga ndani yake. Nilikuwa na woga kweli.

Mzee hakucheka. Alirudi kwenye mashine yake. "Mwambie mshenga aje Ijumaa baada ya swala," akasema. "Na hiyo suti nyeupe usije nayo."

Tulioana. Dar hatukwenda. Kila mwaka nasema mwaka huu, kila mwaka nafungasha kichwani, na mke wangu ananitazama tu. Tunaishi Masasi, mimi na yeye na wasiwasi wangu. Yule mwigizaji naye amezeeka, mvi zimeingia, hapewi tena binti wa tajiri. Sasa anaigiza baba, na nilipopata filamu yake ya kwanza ya namna hiyo nilijisikia vibaya kana kwamba mimi ndiye niliyepewa mvi.

Msimu uliopita nilikuwa narekodi nyingine. Ndani yake yeye anaingia chumba cha hospitali, kwenye kitanda amelala mzee anayekata roho, naye anapiga magoti na kuanza kusema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Simu ikatetemeka juu ya meza. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia Mkunya kumuuguza mzee. Hakulia. Alisema tu, "Mjomba hatunaye," akakata.

Nilitoka kama nilivyo. Sikuzima mashine, sikumuaga mama mwenye duka, sikufunga hata mlango. Pikipiki ilinifikisha Mkunya wakati vijana wamechora tu kaburi, hawajaanza kuchimba. Nikaomba jembe. Udongo wa juu kule ni laini, wa chini ni mgumu, na viganja vyangu ni vya mtu wa kukaa kwenye kiti, vilichubuka mapema. Mtu mmoja alitaka kunipokea jembe. Nilikataa, na nafikiri nilimkataa kwa ukali, kwa sababu hakurudi tena.

Niliporudi Masasi baada ya matanga, nilikuta mama mwenye duka ameshaitoa filamu kama ilivyo, wateja walikuwa wanamsumbua. Imeenda hadi Lupaso. Watu wanailalamikia. Yule bwana anapiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtoka, mdomo unacheza, na hakuna anayemsemea hadi picha inakwisha. Wanasema nililala. Mama anataka niimalizie, ananiwekea mashine tayari, ananifungia mlango na kuniacha nayo.

Maneno yake yapo pale chini ya picha, mafupi tu. Anamwomba mzee msamaha kwa kuchelewa. Nimekaa mbele ya ile maiki mara nyingi na kufungua kinywa, na kila mara nimekifunga. Mimi sikuchelewa.