Laptopu Ndani ya Blanketi

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mjini, nikamkuta mama mmoja wa Oldonyo Sambu na binti yake. Mama alikuwa amekumbatia kitu ndani ya blanketi la mtoto mchanga. Nikajiandaa kusifia mtoto. Kumbe ni laptopu.

"Chaji haikai," binti akamwambia fundi. "Na kesho nina usaili wa kazi kwa video, na kwetu umeme hukatika ovyo."

Fundi akaigusa kwa chini, akauondoa mkono haraka. "Mbona ya moto hivi? Huwa unaizima?"

"Huwa naufunga tu mfuniko, siizimi. Mama ndiye anayeiviringisha kwenye blanketi."

"Kwetu ni baridi," mama akasema. "Hiyo ndiyo itampatia mwanangu kazi. Niiache uchi?"

"Mama yangu, betri inachemka humo ndani."

Akaiacha ipoe, akaipima, akapunguza mwanga wa kioo, akafunga programu zilizokuwa zinajifanyia kazi bila kutumwa. Akasema betri bado nzima, usaili itauvuka.

"Ikishazimwa kabisa, naruhusiwa kuifunika?" mama akauliza.

Fundi akakubali. "Ikishapoa, mama, funika."

Mimi nimelea watoto wengi, sikunyamaza. Nikamwambia yule mama, "Mtoto akisikia joto hulipiga teke blanketi. Hii haina miguu."

"Ndiyo maana naionea huruma, bibi," akanijibu, huku anaikunjulia blanketi.

Binti akaiwahi laptopu, akaibeba mwenyewe.