Karatasi Niliyoisoma kwa Sauti Nzuri

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi ya rangi rangi. Juu wamechora penseli yenye macho na meno, inacheka, na chini yake pameandikwa njia tano za kuelewa kifungu kigumu. Soma kimya kwanza. Jiulize nani anafanya nini. Weka alama pale usipoelewa. Funga kitabu ueleze kwa maneno yako mwenyewe. Rudia tena baada ya siku chache. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mtoto akauliza, "Mama, kwani kuna nini?" na nilipojifuta macho nikajua sikuwa nacheka tena.

Ningemwambia nini? Kwamba hizo njia tano mimi nilifundishwa kwa kokwa ya tende na kusokotwa sikio, na kwamba nilizijua zote siku ile nilipompotezea nyanya yangu shamba lake? Yeye bado mdogo. Kaa wewe, nikusimulie wewe.

Nimelelewa Mbwajumali, kisiwa cha Pate, mikononi mwa nyanya mzaa mama. Asubuhi ilianza kwa mchi wa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, akitwanga, na punda wakijibizana vichochoroni. Nikishateka maji na kufagia ukumbi, napata kikombe cha chai ya tangawizi na mkate wa mofa wa moto, kisha nakaa karibu na nyanya kumchambulia miyaa ya kusukia ukili wa mikeka. Alikuwa akisuka huku anazungumza, hatazami vidole. Ukimwona utadhani vile vidole vina macho yao.

Shamba lake lilikuwa nje ya kijiji, alirithi kwa mamake, naye mamake kwa mamake. Minazi, mihogo, na kipande cha tumbaku. Muhogo wa nazi tuliokula ulitoka mle, nazi yake na muhogo wake, na makuti ya paa letu vilevile. Tukienda huko alikuwa akiishika minazi kwa kiganja mmoja baada ya mwingine na kuniambia huu ulipandwa nilipoolewa, huu alipozaliwa mamako, huu wako wewe. Wangu ulikuwa umeinama kidogo na alinitania kwa hilo kila mara.

Nami nilikuwa na sauti. Wacha nijisifu, maana ndiyo iliyonimaliza. Nilipohitimu msahafu chuoni, nyanya alipika pilau, akagawa halua na kahawa mtaa mzima, nikasoma mbele ya wanawake hadi jirani yetu akalia. Tangu siku hiyo nikisoma chochote ukumbini, mchi wa jirani unanyamaza. Maalimu wetu wa chuoni alitufundisha kwa haki yake, herufi kwanza, kisha sauti, na maana itakuja na umri. Kosa halikuwa lake. Kosa ni langu mimi niliyedhani kila kilichoandikwa duniani chasomwa vile.

Kisha akaja mwalimu wa bara. Aliteremka mashuani bandarini Mtangawanda ametapika njia nzima, shati limelowa, na sisi watoto tuliopelekwa kumbebea mizigo tukamcheka waziwazi. Hakusahau. Wiki ya kwanza alinisimamisha nisome kifungu cha Kiingereza, nami nikakisoma chote, nikijiyumbisha, na mahadhi yake, bila kukwama. Darasa likapiga makofi. Akaniuliza, "Kinahusu nini?" Nikaanza kukisoma upya tangu juu. Akanishika sikio, akalisokota polepole. "Nazima redio," akasema. "Redio inaongea siku nzima na haijui imesema nini." Basi jina langu likawa Redio, na yeyote aliyesoma kwa mahadhi alizimwa vivyo hivyo.

Alikuwa katili yule bwana, sitamsafisha. Alikuja na mfuko wa kokwa za tende, kila mtu anabana moja kwa midomo anaposoma, ili tusome kwa macho tu. Aliyeiangusha alisimama juu ya dawati mpaka kengele. Baada ya hapo tunakalia kitabu, kitabu chini ya paja, na unamweleza mwenzako ulichosoma kwa Kiamu cha nyumbani, nani kafanya nini, kamfanyia nani, mpaka lini. Alhamisi anakuuliza cha Jumatatu. Na pembeni mwa kila kifungu uweke alama ya penseli pale usipoelewa. Hilo ndilo alilolishikilia kuliko yote. Alipita akikagua, na aliyekuwa hana alama hata moja alimwita mwongo mbele ya watu.

Mimi sikuweka alama. Nilikubali kuitwa mwongo. Mimi, niliyeliza wanawake kwa kusoma, nichore vijistari vya ujinga pembeni? Heri sikio lisokotwe. Nikienda nyumbani namsomea nyanya kitabu kilekile kwa mahadhi, naye anatikisa kichwa na kusema, "Ewaa, mwanangu," na sikio linapoa.

Mwaka huo alikuja dalali. Sijui alitoka wapi. Alikuwa na viatu vya kamba na mkoba, na maneno laini. Alisema serikali inaandikisha mashamba, asiyeandikisha atanyang'anywa, na yeye anasaidia wajane kwanza. Akatoa karatasi ya Kiingereza na kile kidude cha wino. Nyanya akaendelea kusuka. Hakuwa mjinga nyanya yangu, nataka ulijue hilo.

"Mimi sitii dole mpaka isomwe," alimwambia. "Na haisomi mtu wa kando. Yasomwa na mjukuu wangu."

Nilimwona yule mtu akibadilika uso. Akatazama mlangoni. Nami nikaichukua karatasi, nikajikohoza, nikaanza. Mchi wa jirani ukanyamaza. Niliisoma ile karatasi tangu juu hadi chini, nikijiyumbisha, sikukwama hata kwenye yale maneno marefu ya mahakamani, na kabla sijafika nusu nikamwona dalali ameegemea ukuta, ametulia, anatabasamu. Alishajua. Alisikia kwa sauti tu kwamba mtoto huyu hajui asomalo. Nilidhani amefurahia usomaji wangu.

"Mashaallah," akasema. "Huyu atakuwa wakili."

Nyanya akauliza, "Yasemani, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja tu, sijui, lingetosha. Lakini jirani alikuwa dirishani, dalali amenisifu, na nyanya ananitazama kwa yale macho ya siku ya pilau. Katika karatasi nzima nilitambua vitu vitatu, jina la nyanya, neno la ardhi, na neno la daima. Nikaviunga.

"Yasema shamba ni lako daima," nikajibu.

Akatia dole, akaachiwa nakala yake. Akamwekea mgeni kahawa.

Haukupita hata msimu mmoja wa kaskazi, watu wakaja na nguzo na waya. Nyanya alienda na karatasi yake iliyokunjwa ndani ya leso, akawaonyesha kwa fahari, wakaisoma wakacheka. Aliporudi alinituma nayo kwa mwalimu wa bara, maana sasa hata yeye alitaka mtu wa kando. Mwalimu aliisoma kimya, midomo imefungwa. Kisha akaigeuza huku na huku, anatafuta kitu pembeni.

"Uliisoma wewe hii?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Alama zako ziko wapi?"

Hakunigusa sikio. Laiti angenigusa.

Asubuhi yake nilipoingia darasani, ile karatasi ilikuwa ubaoni. Ameinakili yote kwa chaki, neno kwa neno, isipokuwa jina la nyanya aliloliachia pengo. Tukagawiwa kokwa. Tukasoma kimya. Akaanza kuuliza, sentensi baada ya sentensi, nani anatoa, anatoa nini, anampa nani, mpaka lini. Wenzangu walijibu wakishindana kunyoosha mikono, kifungu kilikuwa kitamu. Mmoja akacheka akasema huyu aliyetoa shamba lake bure ni mpumbavu kweli kweli. Ndipo mwalimu akaniambia nisimame, nigeukie mlangoni, ubao niupe mgongo, nieleze kwa maneno yangu.

Nikaeleza kwa Kiamu cha nyumbani. Kwamba mimi, fulani binti fulani, kwa hiari yangu, nimempa bwana huyu shamba langu lote na kila kilichomo, ni lake daima, na nimeshapokea haki yangu, sina dai, wala watoto wangu, wala wajukuu wangu. Nilipofika kwa wajukuu, sauti ile niliyojivunia ikakatika. Yule aliyecheka akainamia dawati lake, maana wote wamekwisha kujua ni shamba la nani.

"Umeelewa sasa?" akauliza.

"Nimeelewa."

"Basi hutasahau." Akafuta ubao. "Na nyanyako utamwambia wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani."

Nilimchukia hadi mifupani. Na ni yeye aliyeandika barua za kulalamika kwa mkono wake, na ni yeye aliyepanda mashua mara mbili kwenda Amu kugonga milango ya maofisa, huku akitapika kwenda na kurudi. Kila mlango ulimjibu neno moja, mama ametia dole, na kabla hajatia alisomewa. Mashahidi wapo.

Ile kazi ya nyumbani sijaifanya mpaka leo; nilimrudishia nyanya karatasi yake nikamwambia tu kwamba mwalimu anaandika barua. Kijiji kizima kilijua isipokuwa yeye. Watoto waliwaambia mama zao, mama zao wakanisitiri, au wakamsitiri yeye, sijui. Na nyanya alikuwa na maelezo yake, akiwaeleza wote wapitao ukumbini. "Wameibadili huko ofisini hawa watu wasio na haya. Mjukuu wangu aliisoma nasikia kwa mashikio yangu." Nazi tukaanza kununua dukani. Aliikuna, akaionja, akatema.

Mwaka aliokuwa akifa nilikuwa mtu mzima, nasomesha mwenyewe. Nilirudi kumuuguza. Adhuhuri moja akaniambia nifungue kasha lake, nitoe karatasi. Nikajua ni ipi. "Nisomee," akasema, "kama ile siku." Jirani alikuwa pale, mzee naye, anampepea. Akanitazama mara moja, akainamisha kichwa.

Nikaisoma. Safari hii kila neno nalijua, kila neno linanipita kooni na maana yake. Nikaisoma kwa mahadhi, nikijiyumbisha, tangu juu hadi chini, mpaka wajukuu. Alikuwa amefumba macho.

"Yasemani?"

"Yasema shamba ni lako daima, nyanya."

Akamgeukia jirani kwa furaha. "Wasikia? Ndiyo ile ile. Hakubadili hata neno."

Sasa hakuna kitu pale. Ukumbi umeanguka, jirani amemfuata mwenzake, mashine ya kusaga imenyamazisha michi. Mwalimu wa bara alihamishwa, sikumuaga. Waya umepita mpaka ufuoni na minazi imekatwa yote, ule wangu ulioinama nao. Hata sauti imeniondoka. Tangu siku ile ya kitandani pa nyanya sijasoma tena kwa sauti, na wanafunzi wangu hudhani ni mbinu ya kufundisha.

Binti yangu hakutaka kuachana na karatasi yake ya penseli yenye meno. Akasema, "Mama, basi nipe kifungu kigumu kweli, nijaribu." Nikafungua kasha la nyanya, nikampa ile karatasi yake. Akakaa sakafuni, akaisoma kimya kwa muda mrefu, vidole vikifuata mistari. Alizifuata njia zake, mtoto mwema. Kisha akaifunika kwa kiganja, akaniambia kinachosemwa, nani ametoa, ametoa nini, amempa nani, mpaka lini. Hakukosea mahali popote.

"Ila kitu kimoja sijaelewa," akasema. "Huyu aliyetoa, alijua kwamba anatoa?"

Nikampa penseli. Nikamwambia aweke alama hapo.