Asubuhi Canter Lilipomkataa Apolinari

Tik.

Mlio mdogo, kama wa ulimi wa mtu anayesikitika kidogo tu. Kwa miaka kumi na tisa Apolinari aliusikia kila alipowasha swichi ya lori, kabla ya starta, kabla ya moshi, kabla ya siku yenyewe. Hakuwahi kuufikiria, kama mtu asivyozifikiria kope zake. Aliukumbuka Alhamisi moja, baada ya saa nzima ya kuhangaika, alipogundua kwamba siku hiyo hakuusikia.

Lori lilikuwa Canter la buluu la Matar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mabibo. Apolinari, mtu wa Rombo, alianza pale akibeba mizigo enzi za marehemu baba yake Matar. Ndiye aliyemfundisha Matar kuendesha gari, Jumapili baada ya misa, akimshikia usukani kila alipoogopa. Sasa Matar ndiye tajiri, lakini kila asubuhi alimwamkia dereva wake: "Shikamoo, kaka Apo." Matajiri wangapi wanaamkia madereva? Apolinari alipenda kuwauliza hivyo watu wa jumuiya yake, na hakusubiri jibu.

Tena miezi mitatu hiyo ya karibuni Matar alikuwa amezidi. Apolinari akifika yadi saa kumi na mbili, alimkuta ameshakaa ndani ya Canter, upande wa abiria, anachezea simu.

"Nakaa na wewe kidogo kabla vurugu hazijaanza," alisema.

Basi Apolinari akazoea kununua chapati nne badala ya mbili, kwa Jenipher, mama wa chai wa pale getini. Walikula pamoja wakizungumza habari za watoto, kisha lori likawaka, likaenda Wazo kuchukua saruji.

Alhamisi ile Matar hakuwepo. Jenipher alisikia mwanawe ana homa, wamempeleka zahanati, na simu haikupokelewa. Apolinari akafunika chapati za mwenzake kwa gazeti, akawasha. Starta ikazungusha injini kwa nguvu zake zote. Haikuwaka. Akarudia. Haikuwaka.

"Baba Godlisten, leo umeachwa!" Jenipher akampazia sauti Apolinari. "Hilo limeshapata bwana mwingine!"

"Limenuna tu, mama. Nikilibembeleza litacheka."

Betri ilikuwa nzima, kwani starta ilizungusha vizuri. Akamwita Sadallah, fundi waya mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa yadi, amshikie ufunguo ili yeye atazame bomba la moshi. Hakukutoka moshi, hata mweupe. Moshi mweupe ungesema dizeli inafika ila haiungui. Bomba tupu lilisema dizeli haifiki kabisa.

"Limeingia upepo hilo," Sadallah alisema kutoka kabini. "Au tumsubiri tajiri."

"Tajiri atanisaidia nini? Amekuwa fundi lini?"

Akatoa upepo kwenye njia ya dizeli. Akabonyeza pampu ya mkono juu ya filta hadi dizeli ikatoka safi, bila povu. Akalegeza nati ya bomba la nozeli, linalopeleka dizeli ndani ya injini, Sadallah akapiga starta. Pakavu. Kwa hiyo dizeli ilifika kwenye pampu kubwa na kuishia hapo. Ndipo alipoukumbuka ule mlio.

"Sada, washa swichi tu. Usipige starta."

Akasogeza sikio. Kimya. Kile kidude cha juu ya pampu, kinachofunguliwa na umeme ili dizeli ipite, hakikufunguka. Akakipelekea waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tik. Kizima! Umeme ndio uliokuwa unapotea njiani.

Akaufuata waya kwa vidole, kama mtu anayesoma gizani. Karibu na kabini ule waya mweusi wa zamani ulikuwa umekatwa, ukaungwa na mwekundu mpya. Maungio yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, yakapakwa nta ya mshumaa. Mabibo nzima fundi mmoja tu hufunga waya hivyo. Mwekundu ule ulipanda hadi chini ya kiti cha abiria, na huko, nyuma ya zulia, kulikuwa na swichi ndogo.

"Sadallah."

Sadallah alikuwa ameshateremka, anafuta mikono isiyo na uchafu.

"Braza, nisamehe. Nilipewa kazi, nikafanya. Tajiri akasema wewe usijue."

"Lini?"

"Miezi mitatu hii. Lile Fuso la jirani lilipotoroshwa na dereva wake, likaja kukutwa Tunduma, mpakani, limebaki chesisi tupu. Akaingiwa na woga. Kila jioni ukiondoka, anaizima."

"Lile Fuso nililitorosha mimi?"

Sadallah akaendelea kufuta mikono.

Magari mengi ya mizigo mjini hapa yana swichi ya siri. Lakini siri hiyo ni ya mwenye gari na dereva wake, dhidi ya mwizi. Hii ilikuwa ya mwenye gari na fundi. Apolinari akawapanga upya watu watatu wa siri hiyo, akaona ni nafasi ipi iliyobaki kwake.

Na zile asubuhi! Mkono mmoja wa Matar ulipokea chapati. Mwingine ulikuwa umetoka chini ya kiti.

Angeweza kuibonyeza ile swichi akaenda zake Wazo. Badala yake alikaza nati, akarudisha zulia kama lilivyokuwa.

"Usimwambie kitu," alimwambia Sadallah. "Nataka aniambie mwenyewe. Akiniambia, yamekwisha."

Matar alifika saa nne, macho mekundu.

"Shikamoo, kaka Apo."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Afadhali. Joto limeshuka."

"Mungu ashukuriwe." Apolinari akamwonyesha mikono, myeusi hadi viwiko. "Lori limegoma. Linazungusha, haliwaki. Nimetafuta tangu asubuhi, sijui lina nini."

Akasubiri. Ukimya ule ulikuwa na nafasi ya sentensi moja. Matar akaitazama mikono, akamtazama Sadallah, naye Sadallah akazitazama nyaya za umeme juu ya ukuta.

"Dizeli chafu hiyo, kaka," Matar alisema. "Siku hizi wanachanganya sana. Hebu nijaribu mie."

Akapanda kwa mlango wa abiria, akainama kama anayesogeza ndala, kisha akahamia kwenye usukani. Injini ikawaka mara moja, moshi ukatanda yadi nzima.

"Umeona?" akacheka. "Linamjua mwenyewe!"

Jenipher akapiga makofi kule getini. Apolinari hakucheka. Alisogea dirishani, akaushika mlango. Injini ilikuwa inanguruma, lakini hakupaza sauti. Matar alilazimika kuinama ili amsikie.

"Ungeniambia, mdogo wangu," alisema, "ningekuonyesha pa kuificha vizuri zaidi."