Mahali pa Mulongo

Tryphosa alianza kuchora kitambaa chake mwezi wa tatu, mvua ikiwa imechelewa, juu ya meza ya plastiki mlangoni pa nyumba yake ya kupanga huko Kapsoya. Kwa miaka mingi amefuma vitambaa vya viti vya watu wa Elgon View: maua, tausi, na maneno ya kukaribisha wageni. Hiki kilikuwa chake, na hakikuwa cha kuuza. Binti yake Linah angekwenda chuo Septemba, na Tryphosa alitaka aondoke na nyumba yao ya Burnt Forest, hata kama ni ya nyuzi. Picha zote ziliteketea pamoja na nyumba yenyewe.

Alipanga kama anavyopanga kazi ya wateja. Penseli kwanza, kisha nyuzi nyepesi, nyeusi mwisho, kwa sababu uzi mweusi hutia doa vidole na vidole hutia doa kazi. Akafuma paa la mabati. Akafuma mahindi kwa kijani cha aina mbili, na ng'ombe wao aliyevunjika pembe. Akajifuma mwenyewe, Linah mgongoni ndani ya leso nyekundu. Mlangoni pa nyumba aliacha nafasi ya kiganja kimoja. Hapo ndipo mahali pa mumewe, Mulongo.

Mulongo alitoka asubuhi moja ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwenda kuangalia kama barabara ya Nakuru imefunguliwa. Hakurudi. Hakupatikana kambini wala mochari. Watu walipomuuliza Tryphosa, alijibu kwamba hayupo, kama mtu anavyosema juu ya aliyekwenda dukani.

"Alikuwa mrefu kiasi gani?" Linah aliuliza, akimshikia nyuzi.

"Kama mlango."

"Mlango wa wapi, Mathe? Huu wetu hata mimi naugonga na kichwa."

Tryphosa alimfuma ameshika fimbo, akatokea kama askari. Akafumua. Alimfuma akicheka, na meno yakawa ya mtu mwingine. Akafumua. Alimgeuza mgongo, akaonekana anaondoka, na hiyo aliifumua kabla hata ya kumaliza bega. Kufikia Julai, kitambaa kilikuwa kimelegea mahali pale, sindano ikipita bila kukamata kitu. Macho yake nayo yalikuwa yanamwacha. Aliweza kutunga uzi saa sita mchana tu, akiwa ameuelekea mwanga.

Agosti alikuja Nyongesa, mdogo wake Mulongo, kutoka Webuye. Alikaa bila kuvua koti. Alimaliza vikombe viwili vya chai ndipo akasema.

"Mama Linah, wazee wamekaa. Desemba tunamzika."

"Mnamzika nani?"

"Unajua."

"Mna mwili?"

"Tuna mgomba. Wewe si mgeni kwetu. Mtu akipotea hivyo, tunazika shina la mgomba kwa jina lake. Mama hatembei tena. Anasema hawezi kulazwa kwa udongo kabla mtoto wake hajapewa mahali."

"Mwambie angoje."

"Amengoja. Wewe umengoja. Hata mimi nimengoja, na huyo jamaa alienda na baiskeli yangu."

Linah alicheka. Tryphosa naye akacheka, kidogo, kisha akatazama ndani ya kikombe chake.

"Shina linavishwa nguo ya mwenyewe," Nyongesa aliendelea, sauti imeshuka. "Hata ikiwa ni soksi moja. Bila hiyo tutakuwa tumezika mgomba tu."

"Hakuna. Yote iliungua, unajua."

Nyongesa alielekeza kidevu kwenye kitambaa kilichokuwa juu ya kiti. "Na hiyo?"

"Hiyo ni ya Linah."

Mvua ilianza kupiga mabati. Tryphosa alikichukua kitambaa, akakitandaza magotini. Alipitisha kidole gumba pale mlangoni pa nyumba ya nyuzi. Vitundu vya sindano vilikuwa vingi kama upele, na vipande vya uzi mweusi vilikuwa vimekwama humo. Hakuna shati la mume wake ambalo aliwahi kulishika kwa miezi mingi namna hii.

Alichukua mkasi.

"Mathe, usikate."

"Shika pembe hapo, isivutike."

Alikata kipande cha kiganja kimoja, akakikunja mara mbili na kumpa shemeji yake. Nyongesa alikitazama.

"Ni kadogo."

"Hata yeye hakuwa mkubwa." Tryphosa aligusa sikio lake mwenyewe. "Alikuwa ananifikia hapa. Alikuwa mfupi, Linah. Mimi ndiye nilikuwa nainama kutoka mlangoni."

Nyongesa alikitia kipande kile katika mfuko wa ndani wa koti, pamoja na kitambulisho chake, akafunga vifungo vyote. Alipoondoka mvua ilikuwa bado inanyesha.

Linah alikaa mahali pa mama yake, tundu likiwa mbele yake. Kingo zake zilikuwa zimeanza kuachia nyuzi. Alitunga sindano, akaanza kuzungusha mshono ule ambao Tryphosa hutumia kwenye pindo za vitambaa vya viti. Tryphosa hakuweza kuiona mishono vizuri, lakini aliipima kwa ncha ya kidole.

"Ikaribiane zaidi," alisema. "Ikiachia hapo, itafumuka mpaka kwa nyumba."