Ubeti wa Tatu Haumo Kwenye Kaseti

Miaka ile kila kwaya ya Mwanza ilitaka kaseti yake. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, maduka ya kanda yalijaa mjini, na sisi wa Igoma tukaona tunachelewa. Nilikuwa katibu wa kwaya, kwa hiyo kuandika maneno ya jalada ilikuwa kazi yangu.

Wimbo uliobeba kaseti haukuwa wetu. Niliupata Ukerewe, kwa mwinjilisti mstaafu aliyeutunga baada ya mkewe kuzama ziwani. Alininakilia nota kwa mkono wake, akasema, "Uimbeni ibadani, binti yangu." Kurekodi hakukutajwa, nami sikurudi kuuliza. Hilo ni kosa langu.

Kwenye jalada niliandika jina lake. Mwenyekiti wetu akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Nyimbo za injili ni za Mungu," alisema. "Au huyo mzee anatafuta sifa?"

"Kama ni za Mungu, mbona jina la kwaya yetu tumeliweka kwa herufi kubwa?"

Wajumbe wa kamati wakacheka, wakapiga kura, nikashindwa. Ubeti wa tatu nao ukaondolewa, eti wimbo ni mrefu.

Kaseti ikatoka, ikapendwa. Wimbo ulipigwa madukani na harusini, watu wakatupongeza, na kila pongezi ilinikera. Baada ya miezi kadhaa nikapanda meli kwenda kumwomba radhi mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika mihogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaseti yenu nimeisikia."

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba alikuwa akiwafundisha vijana wa kanisani kwake wimbo uleule. Alipofika ubeti wa tatu wakamkatiza: "Mwalimu, huo haumo. Sikiliza kaseti ya Igoma." Mmoja akamuuliza kama ameomba ruhusa kwa wenye wimbo.

"Nikawaambia ni wangu," alisema. "Wakatabasamu, kama watu wanaomvumilia mzee aliyeanza kuchanganyikiwa."

Nilimwahidi kwamba jina lake litaandikwa. Akatikisa kichwa.

"Jina mtajua wenyewe. Ubeti rudisheni. Humo ndimo alimo mama wa wanangu."

Akaandika barua ya kuomba hilo, nikaipeleka kwa kamati. Mwenyekiti aliisoma, akaikunja, akasema tutaizungumza. Haikuzungumzwa. Majalada yalipochapishwa upya yaliandikwa "wimbo wa asili", kana kwamba uliota wenyewe porini. Siku hiyo hiyo nikaacha ukatibu.

Mwaka uliofuata nilianza kufundisha kwaya ndogo ya Kiseke. Nilimwandikia mzee kuomba ruhusa, safari hii kwa maandishi, naye akakubali. Jumapili ya kwanza nilisimama mbele, nikamtaja mtunzi, tukaimba beti zote tatu. Baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono kwa furaha.

"Mmeuimba vizuri ule wimbo wa Igoma," akasema.

Nikamweleza upya, pale mlangoni, tangu mwanzo. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea.